Risasi, Bunduki na Mkono

Methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima hutumiwa aghalabu kumnyamazisha kijana mvivu aliyesimama ukingoni mwa shamba akilaumu mpini. Ni methali yenye hukumu kali, na watu huipokea bila ya kuihoji. Lakini methali, kama sheria, haujulikani uzito wake mpaka iletewe kesi ngumu. Kwa jembe hukumu ni nyepesi: ardhi ni pana, na jembe likikosea njia kwa upana wa kidole, mahindi hayatambui. Iko zana nyingine ambayo kosa la upana wa unywele hukua njiani likawa kosa la upana wa mlango. Zana hiyo ni bunduki, na juu yake watu wamebishana kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, wala wabishi hawajachoka.

Ubishi wenyewe ni huu. Wako wanaoshikilia kwamba siri ya shabaha imo ndani ya risasi: mtu akichagua aina iliyo bora, yenye mwendo wa kasi na umbo la kupasua upepo, amekwisha kushinda nusu ya vita. Wako wanaowajibu kwamba risasi ni kama wino, na hakuna aliyepata kuandika vizuri kwa sababu ya wino. Kazi ni ya bunduki iliyotengenezwa kwa uangalifu, na ya mtu aliyefundishwa akafundishika. Kila upande una mashahidi wake. Upande wa kwanza una maduka pia, maana ni wepesi kumwuzia mtu sanduku la risasi mpya kuliko kumwuzia subira.

Inafaa majina yawekwe wazi kwanza. Katika mazungumzo ya kila siku neno risasi hubeba maana mbili: kile kipande cha madini kirukacho, na kile kitu kizima kitiwacho bundukini. Hapa risasi ni kitu kizima, yaani ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwake, baruti iliyomo, na kichwa kinachoruka. Bunduki ni mtutu, wenye mifereji ya kuzunguka ndani yake inayokipa kichwa cha risasi mzunguko kama wa pia. Pamoja na mti unaoushika mtutu, vilengeo, na kifyatuo. Na mpigaji ni jicho, pumzi, bega na kidole, na kile kitu kisichoonekana kinachoviamuru vyote vinne.

Kesi kubwa ya kwanza ilisikilizwa tarehe 26 Septemba 1874 katika uwanja wa Creedmoor, kisiwani Long Island, karibu na mji wa New York. Mwaka mmoja kabla yake wapigaji wa Ayalandi walikuwa wametwaa ngao ya Elcho huko Wimbledon, wakiwashinda Waingereza na Waskoti. Walijiona, wala si bila ya haki, kuwa mabingwa wa shabaha ya mbali, wakatangaza katika gazeti la New York mwaliko wa shindano kwa Wamarekani wote. Mwaliko ule uliitikiwa na chama kidogo cha mjini humo, Amateur Rifle Club, ambacho wanachama wake walikuwa hawana mazoea ya kupiga umbali wa yadi 1,000. Uwanja wenyewe ulikuwa mchanga. Ulifunguliwa mwaka 1873 tu. Ilikuwa kana kwamba mabaharia wa Lamu wamealikwa kushindana mbio za jahazi na watu waliochimba ziwa mwaka jana.

Jambo lililowavuta watu wa elimu ya silaha si ubingwa peke yake. Waayalandi walileta bunduki za kushindilia kwa mdomo wa mtutu, yaani, kwa jina lake la kwetu, magobori. Msomaji wa Kiswahili akisikia neno gobori hukumbuka chuma chenye kutu kilichofungwa waya, cha kufukuzia ngedere shambani. Magobori haya yalikuwa ya ukoo mwingine. Yalitengenezwa na John Rigby wa Dublin, naye alikuwa mmoja wa wapigaji sita wa kikosi. Mpigaji wa bunduki hizo alitia baruti aliyoipima kwa mkono wake, akakisukuma kichwa cha risasi polepole kutoka mdomoni mpaka kikalala juu ya baruti bila ya kuumia umbo. Wamarekani kwa upande wao walishika bunduki za kushindiliwa nyuma, zenye kutumia risasi kamili ndani ya ganda la shaba, kazi ya viwanda viwili, Remington na Sharps, ambavyo vilitengeneza bunduki maalumu kwa ajili ya siku ile. Hivyo shindano la mataifa mawili lilikuwa pia shindano la risasi ya zamani na risasi mpya, na wengi walikuja kutazama ni ipi itakayoaibika.

Kila upande ulikuwa na watu sita. Kila mtu alipiga risasi kumi na tano kutoka yadi 800, kumi na tano kutoka yadi 900, na kumi na tano kutoka yadi 1,000. Aliyelipata jicho la shabaha alihesabiwa 4. Kutoka yadi 800 Wamarekani walipata 326 na Waayalandi 317. Kutoka yadi 900 Waayalandi walipata 312 na Wamarekani 310. Zilipofika yadi 1,000, umbali ambao mtu mzima aliyesimama huonekana kama mbegu ya ufuta, magobori yalizidi kupata nguvu. Na ilipobaki risasi moja tu uwanjani Waayalandi walikuwa wamekwisha kumaliza kwa 931, na Wamarekani walikuwa na 930.

Risasi hiyo moja ilikuwa ya John Bodine. Muda mfupi kabla ya zamu yake chupa ya maji ya tangawizi ilimpasukia mkononi ikamkata, na damu ilikuwa ikimtoka. Alifunga kitambaa, akalala chini, akapiga. Alilipata jicho la shabaha. Wamarekani 934, Waayalandi 931.

Hadithi hiyo ya mkono wenye damu ndiyo iliyoenea, na inastahili kuenea. Lakini kwa mwenye kutaka kujua ukweli wa ubishi huu liko jambo jingine la siku hiyohiyo lenye faida zaidi. Mmoja wa Waayalandi, J. K. Milner, alipiga risasi moja safi kabisa ikatua katika jicho la shabaha. Ila shabaha yenyewe ilikuwa ya jirani. Alihesabiwa sifuri. Kama angaliielekeza risasi ileile, yenye baruti ileile, katika bunduki ileile, kwenye shabaha yake, Ayalandi ingalipata 935 ikashinda kwa alama moja.

Pande mbili zilipiga jumla ya risasi 540. Bunduki zao zilitofautiana kwa mdomo na kwa nyuma, kwa ganda na kwa kukosa ganda, na walipomaliza tofauti yao ilikuwa ndogo kuliko kosa moja la jicho la mtu mmoja. Magobori yalitoweka baadaye katika mashindano ya namna hiyo, kwa sababu bunduki ya kushindiliwa nyuma ni nyepesi kutumia na ni nyepesi kusafisha. Lakini siku ile hayakuonewa haya na risasi mpya. Waliokwenda Creedmoor kutafuta hukumu ya risasi walirudi na hukumu ya watu.

Je, basi risasi haina neno? Hapana, na hapa elimu ya hesabu inaweza kuamua jambo ambalo ubishi hauwezi. Risasi inapokosa katikati, kosa lake lina wazazi watatu: mpigaji, bunduki, na risasi yenyewe. Watu wengi hudhani makosa hayo hujumlishwa kama mizigo katika mizani. Sivyo, kwa sababu kila kosa lina njia yake. Moja likivuta kushoto, jingine huenda likavuta juu, na mara nyingine moja hulipunguza jingine. Yanajumlishwa kama pande za pembetatu mraba zinavyozaa upande wa tatu: kila moja huzidishwa kwa nafsi yake, yakaongezwa pamoja, kisha ukatafutwa mzizi wa pili wa jumla yake.

Na achukuliwe mtu wa kawaida, ambaye kutikisika kwake hutawanya risasi kwa inchi 8, bunduki yake kwa inchi 3, na risasi zake kwa inchi 2. Jumla yake ni karibu inchi 8.8. Sasa mtu huyo auze mbuzi anunue risasi bora kupita zote, ambazo kosa lake limepungua nusu, likawa inchi 1. Jumla itakuwa inchi 8.6. Mbuzi mzima amekwenda kwa upana wa punje ya mtama. Lakini kama angalibaki na risasi zake za zamani, akajifunza kutulia hata kosa lake mwenyewe likashuka kutoka 8 mpaka 4, jumla ingalikuwa inchi 5.4. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kanuni yake si ya mfano. Kosa kubwa hulimeza kosa dogo, na maadamu kosa kubwa lipo, la dogo halionekani hata likitafutwa kwa taa.

Ndiyo maana mpigaji mchanga hawezi kuwa shahidi katika kesi ya risasi. Atakuja mbio kusema kwamba amejaribu aina mpya, akapiga mara tatu, na matundu matatu yamegusana. Anasema kweli, matundu yamegusana. Lakini bahati ina mkono mrefu katika hesabu ndogo, na risasi tatu ni chache mno kutambulisha ubora na bahati. Na apige kumi, kisha arudi kesho apige kumi nyingine, kisha kesho kutwa wakati upepo umebadilika. Wengi hawarudi kesho, kwa kuogopa kuipoteza ile furaha ya leo.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina kasoro moja ambayo ni haki kuitaja: inadhani kwamba makosa matatu hayajuani. Kwa kawaida hayajuani. Lakini bunduki ya Lee-Enfield, ile ya risasi za .303 iliyobebwa na askari wa Keya kutoka nyika za Afrika Mashariki mpaka misitu ya Burma, ilisifiwa kwa miaka mingi na wapigaji wa Bisley kwa tabia ya ajabu. Kwa karibu haikuwa bora kupita nyingine, na kwa mbali ilizidi kutengemaa. Sababu yake ni kwamba mtutu wowote hutikisika kama ufito wakati wa kufyatuliwa, na katika bunduki ile mtikisiko ulielekea kuzitoa risasi za mwendo mdogo wakati mdomo umeinuka kidogo, na zile za kasi wakati mdomo uko chini zaidi. Hivyo risasi goigoi ilipewa mwinuko wa kuifidia, na zote mbili zikakutana mbali. Kosa la risasi lilirekebishwa na kosa la bunduki. Mtu akiona mambo kama hayo huanza kusitasita kuitenga risasi na bunduki kana kwamba ni mashitaka mawili.

Lakini mahali ambapo risasi huingia kwa nguvu zaidi katika habari ya shabaha si ndani ya mtutu. Ni begani mwa mpigaji.

Walimu wa shabaha wana jaribio moja la zamani. Mwalimu huichukua bunduki ya mwanafunzi, akatia risasi nzima au risasi ya bandia isiyo na baruti, bila ya mwanafunzi kuona, kisha akamrudishia. Mwanafunzi hulenga, akavuta kifyatuo. Ikiwa risasi ni nzima, kishindo huficha kila kitu. Ikiwa ni ya bandia, husikika mlio mdogo wa chuma, na papo hapo mdomo wa bunduki huonekana ukiinama ghafula, na kope za mwanafunzi zikifumba. Hakuna kilichompiga. Mwili wake umejikinga na pigo ambalo halikuja. Mwanafunzi huyo huyo, dakika moja kabla, aliapa kwamba risasi za sanduku lile ni mbovu kwa sababu zote zinakwenda chini. Pengine hakuna jaribio lenye kutahayarisha kama hilo katika elimu yoyote, maana mtu hushuhudiwa na mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo risasi kubwa yenye teke kali humharibu mpigaji, na mpigaji aliyeharibika huilaumu risasi, naye hununua kubwa zaidi. Wangapi wamepita njia hiyo! Anayesema kwamba risasi haina neno hujisahau. Ina neno kubwa, ila neno hilo hupitia kwa mtu.

Hakuna aliyelielewa jambo hilo kwa faida yake mwenyewe kuliko W. D. M. Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, na ambaye jimbo la Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, lilimpa jina la utani la Karamojo Bell. Habari yake inaungana na ile ya Creedmoor kwa uzi mmoja. John Rigby, yule mpigaji na mtengenezaji magobori, mwaka 1887 aliwekwa kuwa msimamizi wa kiwanda cha serikali ya Uingereza huko Enfield, na mwanzoni mwa karne ya ishirini duka lenye jina lake liliuza bunduki nyepesi iliyoitwa .275 Rigby. Risasi yake ilikuwa ileile ya Kijerumani ya milimita 7 ya Mauser, iliyovishwa jina la Kiingereza.

Wawindaji wa tembo wa zama hizo walibeba bunduki nzito ambazo risasi zake zilikuwa na vichwa vya gramu 48, au hata 58. Bell aliwaua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa risasi ya milimita 7 ambayo kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi. Mtu wa leo hausomi wingi huo bila ya uchungu, hasa akikumbuka kwamba mwaka 1989 mataifa yalilazimika kuipiga marufuku biashara ya pembe baina ya nchi na nchi, kwa kuwa tembo walikuwa wakielekea kwisha. Uchungu huo usizuie kutazama alivyofanya, kwani hapo ndipo fundisho lilipo.

Bell hakuanza na bunduki; alianza na fuvu. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno, akajifunza mahali ubongo ulipo, umbo lake, na njia ya kuufikia kutoka mbele, kutoka ubavuni, na kutoka nyuma kwa mshazari. Ubongo wa tembo ni mdogo katika kichwa kikubwa kile, umelala nyuma na chini, na umezungukwa na mifupa yenye vitundu kama sega la asali. Risasi ya gramu 58 ikipita nje yake yaweza kumtia tembo kizunguzungu. Risasi ya gramu 11 ikiufikia, humwangusha pale pale aliposimama. Bunduki yake ilikuwa nyepesi, akaibeba mwenyewe safarini badala ya kumpa mchukuzi, na mikono yake ikaizoea kama mkono wa mshoni unavyoizoea sindano. Teke lake lilikuwa dogo, kwa hiyo hakuwa na la kuogopa.

Hata hivyo Bell alikuwa mchaguzi mkali wa risasi. Aliwahi kuziacha bunduki nzuri kwa sababu risasi zake hazikuaminika, na alitaka vichwa vigumu ambavyo havipondeki wala kupinda ndani ya mfupa. Mbele ya tembo, risasi inayokataa kuwaka ni hukumu ya kifo. Jembe lake alilichagua, tena kwa macho makali. Lakini alilichagua baada ya kulijua shamba.

Msiba umo katika kumwiga. Mtu anayesoma habari za Bell akachukua risasi ndogo bila ya kuchukua msumeno na fuvu, ameiga sehemu iliyo rahisi. Tembo atakayepigwa na mtu huyo hataanguka. Atakwenda na risasi mwilini, na jeraha likioza atakuwa hatari kwa kila mwanamke aendaye kisimani na kila mtoto achungaye ng'ombe, ambao hawakuwa na neno katika ubishi wa risasi na bunduki. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa za Afrika ziruhusuzo uwindaji wa wanyama wakali zimeweka risasi ya .375 kuwa kikomo cha chini. Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya Bell. Zilitungwa kwa mtu wa inchi nane. Na hapo sheria inakiri jambo la busara, kwamba risasi kubwa kidogo yaweza kusamehe kosa dogo la mtu, ingawa inakaa kimya juu ya lile jingine: kwamba mtu huyo huyo, akiiogopa, atakosea zaidi.

Iko pia upande wa pili wa mizani, mahali ambapo risasi hutawala kweli. Wako wapigaji wa mezani, ambao bunduki zao hulazwa juu ya mifuko ya mchanga, wakapiga kwa nia moja tu, matundu yote yawe tundu moja. Hapo mtu amekwisha kuondolewa kutikisika kwake karibu kote, na bunduki imefanywa kwa ustadi usio na mfano. Kilichobaki ni risasi, na kosa lake sasa ndilo kubwa. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Louis Palmisano na Ferris Pindell, walitengeneza risasi fupi nene iitwayo PPC, ikauteka mchezo huo. Ganda lake, ukifuata nasaba, limetokana na ganda la risasi ya Kirusi ya milimita 7.62, ile ya Kalashnikov, ambayo hakuna mtu katika Afrika anayeihusisha na tundu moja. Babu ni wa vichakani na mjukuu ni wa maabara. Kilichowatenga ni mikono iliyowalea.

Shabaha ya mbali nayo hudai haki ya risasi. Risasi mbili zikitofautiana mwendo kwa futi 30 kwa sekunde, ambayo ni chini ya sehemu moja katika themanini ya mwendo wa kawaida, ya polepole yaweza kutua kiasi cha inchi kumi chini ya mwenzake katika yadi 1,000. Dawa ya maradhi hayo ni usawa, kila ganda lipate baruti sawa na jirani yake. Aina ya risasi si dawa. Neno kuchagua risasi limebeba mambo mawili ambayo wabishi huyachanganya: kuchagua aina, jambo ambalo hupendeza kulizungumza, na kuchagua usawa, jambo ambalo halipendezi na lina faida.

Ushahidi wake uko katika michezo ya Olimpiki. Katika shindano la bunduki la mita 50 watu wote hutumia aina moja ya risasi, ile ndogo ya .22 iliyobuniwa mwaka 1887. Hakuna wa kujivunia aina. Jicho la alama kumi lina upana wa milimita 10.4, kama kifungo cha shati. Wapigaji hujaribu masanduku ya kundi moja na kundi jingine kutoka kiwanda kilekile, kila mmoja na bunduki yake, mpaka wakapata kundi ambalo mtutu wao unalipenda. Wamechagua jembe basi, na hakuna awezaye kuwaambia kwamba si wakulima.

Mmoja wao ni Mmarekani Matthew Emmons. Mwaka 2004, kabla ya michezo ya Athens, aligundua kwamba bunduki yake imeharibiwa kwa makusudi na mkono usiojulikana. Aliazima bunduki ya mwenzake, akaenda nayo Athens, akatwaa nishani ya dhahabu katika shindano la kulala kifudifudi. Siku mbili baadaye, katika shindano la mikao mitatu, aliongoza kwa alama tatu mpaka risasi ya mwisho. Ili ashinde alihitaji 7.2 tu, alama ambayo mtu wa daraja lake huipata hata siku ya homa. Alilenga, akapiga, na chombo cha kuhesabu hakikuonyesha kitu. Wote walishangaa, na yeye wa kwanza. Risasi ilikuwa imetua katika shabaha ya jirani yake, Mwaustria, na huko ilistahili 8.1. Miaka mia moja na thelathini baada ya Milner, kosa lilikuwa lilelile, na sifuri ileile. Alishuka kutoka wa kwanza akawa wa nane.

Jioni ile mpigaji mmoja wa kike wa Kicheki alimwendea kumpa pole. Mwaka 2007 walioana; lakini hilo ni la ubishi mwingine.

Mwaka 2008, Beijing, aliongoza tena mpaka risasi ya mwisho. Safari hii shabaha ilikuwa yake, ila wakati akiishusha bunduki polepole kuelekea katikati, kidole chake kiligusa kifyatuo mapema. Alama ilikuwa 4.4, akawa wa nne. Hakulaumu risasi, hakulaumu bunduki. Alieleza habari ya kidole. Mwaka 2010 alipatikana na saratani ya tezi la shingo, akapasuliwa, akarudi katika mazoezi. Mwaka 2012, London, alisimama tena kwenye mstari, na risasi ndogo ileile ya .22, akiwa katika nafasi ya pili na risasi moja ikiwa imebaki. Alama ilikuwa 7.6, ikamtoa nafasi ya pili ikamweka ya tatu. Ilikuwa imetua katika shabaha yake, naye akavishwa nishani ya shaba.